Biriani ya Idi ya Kwanza Bila Baba

Iko siku moja, mwanangu, siku ya Idi, ambayo nikiikumbuka hata leo nalirudisha tonge siniani. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nina mke wa miezi michache, nina kazi katika jiko la hoteli moja kule Shanzu, na nilikuwa nikijiona nimefika. Habari hii nimekaa nayo miaka mingi bila kuieleza yote. Hata wanangu wa kuzaa wanaijua nusu tu. Lakini umri nilio nao sasa hauniachii nafasi ya kuficha, na wewe bado una mama jikoni. Basi keti nikuambie.

Nyumba yetu ilikuwa Mtongwe, huku Likoni, nyumba aliyoiacha babu yetu, yenye ua mpana kwa nyuma. Mama yangu, Bi Mwanasiti, alikuwa mpishi. Hakuajiriwa na mtu kama mimi, mwenye kofia nyeupe na zamu. Yeye alikuwa ni wa kuitwa. Harusi ikikaribia, maulidi yakisomwa, khitma ikiwekwa, watu walipiga hodi kwetu kabla hata hawajanunua mchele. Walikuwa wakisema chakula cha Bi Mwanasiti unakijua kwa harufu, kawa halijafunuliwa. Alikuwa na sufuria tatu kubwa za kazi hiyo, na mwiko mrefu wa kupikia amesimama, na katika ujirani wetu mwanamke yule hakupita njiani bila kuamkiwa.

Baba alikuwa mtu wa bandarini, wa maneno machache, asiyejua kupika hata chai. Lakini miaka yake ya mwisho alianza tabia moja iliyotuchekesha. Mama akiwa jikoni, Baba hakai ukumbini na wanaume wenzake. Huja uani na kigoda chake, akakaa karibu na moto. Kila baada ya muda Mama humtilia mchuzi kidogo kiganjani, naye huulamba, akafikiri, akasema neno moja. "Bado." Au, "Hapo hapo." Mimi na dada yangu Zuhura, watu wazima na akili zetu, tulikuwa tukimwita mlafi. Tulimwambia kustaafu kumemgeuza mtoto, hawezi kungoja chakula kiive. Alikuwa akicheka pamoja nasi. Hakujitetea hata siku moja.

Kisha Baba akafariki. Alianguka asubuhi ya Ijumaa akijitayarisha kwenda msikitini, na tulipomfikisha hospitali hakuwa na pumzi. Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, na alipotoka Ramadhani ilikuwa mlangoni. Ilikuwa Ramadhani ya kimya nyumbani kwetu. Mimi na mke wangu Rehema tulikuwa tumepanga Kisauni, na mara mbili tatu nilivuka feri kwenda kufuturu na Mama. Niliona mapishi yake yamebadilika. Siku moja uji hauna sukari kabisa. Siku nyingine mchuzi wa samaki una chumvi ya kukwaruza ulimi. Mimi na Zuhura tukatazamana, tukanywa maji, tukanyamaza. Tulisema ni majonzi. Tena mwezi ule mpishi hupika kwa kukisia, maana amefunga, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa sana.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu la kijinga. Wakwe zangu walikuwa watu wa Chaani, kule Changamwe. Baba mkwe wangu, Mzee Bakari, alikuwa akisomesha madrasa, mtu wa heshima zake, na tangu harusi yetu alikuwa hajala kwetu ila siku za matanga. Nikaona Idi ile aje, aje na mkewe na wanawe, wale biriani ya Mama mpaka waseme. Nilitaka wajue nimetoka nyumba gani.

Nilipomwambia Mama, aliuliza, "Hatuwezi kungoja Idi ya Mfungo Tatu, mwanangu?"

"Mama, nimeshawaalika."

"Mimi bado sijarudi sawasawa jikoni."

"Wewe? Wewe hata ukipika umelala, watu watalamba vidole."

Nilidhani namsifu. Akatabasamu, akasema inshallah. Leo nikilikumbuka tabasamu lile naona lilikuwa la mtu aliyekosa pa kukimbilia.

Asubuhi ya Idi nilitoka kuswali, nikabusu mikono ya wazee, nikarudi nyumbani moja kwa moja na kuvua kanzu. Mama alikuwa ameshawasha kuni uani. Nyama ya mbuzi ilikuwa imelala katika mtindi tangu jana, vitunguu vimekaangwa, thomu na tangawizi vimepondwa, zafarani imerowekwa katika kikombe. Kwa macho kila kitu kilikuwa mahali pake. Rehema alikuwa amekwenda Chaani awalete wazazi wake, Zuhura nilimtuma barafu na soda. Tukabaki wawili, mimi na Mama.

Mimi nilijipa kazi ya kachumbari na saladi. Usicheke, mwanangu. Hotelini nilikuwa nimefundishwa kuchonga nyanya iwe kama ua waridi, na karoti iwe kama samaki. Nikaweka meza ukumbini, nikanoa kisu changu cha kazi, nikaanza kuchonga maua kwa ajili ya watu waliokuwa wanakuja kula biriani.

Mama akaniita kutoka uani. "Hamisi, hebu njoo uonje masala haya."

Nikamjibu kwa kicheko, "Mama, wewe ndiye mwalimu. Mimi nikuonjee wewe?"

Nikamsikia anakoroga. Baada ya muda akaniita tena, safari hii taratibu zaidi. "Njoo, baba. Tone moja tu, kisha urudi."

"Mikono yangu imejaa nyanya, Mama, na saa yakimbia. Watu wako feri hao!"

Hakuniita mara ya tatu.

Haikupita nusu saa nikasikia harufu ya kitunguu kinachoungua. Nikatoka mbio. Mama alikuwa amesimama pale pale, kando ya sufuria, mwiko mkononi, moshi mwembamba unampita usoni, naye ametulia kama hakuna kitu.

"Mama! Huisikii harufu hiyo?"

Alishtuka kweli. Akavuta kuni nje, akafunua, akakwangua. "Nilikuwa nimekwenda mbali kwa mawazo," akasema, bila kunitazama. Nikamsaidia kutenga sufuria, nikarudi kwenye nyanya zangu. Mimi, mpishi wa hoteli, nilimwona mtu amesimama juu ya masala yanayoungua na hasikii, na nisijiulize chochote.

Wageni wakafika. Mzee Bakari na wanawe wawili wakakaa nami ukumbini, wanawake wakaingia chumba cha ndani pamoja na shangazi yangu, Mwanakombo, dada yake Baba, aliyekuwa amewasili muda ule ule kutoka kwake, mtaa wa Shika Adabu. Sinia zikaja. Wali ulikuwa umepambwa vizuri, punje moja moja, rangi ya zafarani juu, zabibu, vitunguu. Maua yangu ya nyanya yakizunguka pembeni. Tukasema bismillahi.

Mzee Bakari akatia tonge. Akatafuna polepole, akameza, akanyoosha mkono kwenye gilasi ya maji. Shemeji yangu mdogo akakohoa, akaangalia chini. Nikaonja na mimi. Chumvi ilikuwa imetiwa mara mbili, labda mara tatu, na nyuma yake uchungu wa masala yaliyoungua. Chakula kile kilikuwa hakimezeki.

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Bakari, akatia tonge la pili. "Tule, vijana."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kula kama yeye alivyokula, nikacheka, nikasema Mama ana huzuni, wageni wakaelewa, wangeelewa wale. Badala yake niliinuka. Masikio yalikuwa yananiwaka moto. Nikamkuta Mama uani anapakua mchuzi wa kuongeza, na kati yetu na chumba cha wanawake hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia tu.

"Mama, umefanya nini?"

"Kuna nini, mwanangu?"

"Huna habari? Chakula hakiliki! Ni chumvi tupu! Umenitia aibu mbele ya wakwe zangu. Kama uzee umekushinda si ungesema, tukawapa kazi wanaoweza?"

Nikasikia sauti ya Shangazi nyuma ya pazia. "Hamisi!" Nilikuwa sijamaliza. Ulimi ukishapata njia, mwanangu, hutafuta neno linalouma kuliko yote, na mimi nikalipata.

"Baba angekuwa hai leo," nikamwambia, "angeona haya."

Mama hakulia. Alinitazama, upawa uko mkononi unadondosha mchuzi chini. "Ni kweli," akasema. "Baba yako angekuwa hai leo..." Akauweka upawa juu ya kifuniko, akajitanda leso yake vizuri, akaingia chumbani kwake.

Niliporudi ukumbini Mzee Bakari alikuwa amemaliza upande wake wote wa sinia. Amekula mpaka punje ya mwisho. Akanawa mikono, akajifuta, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sote tumekusikia, kijana wangu. Nenda kamwombe mama yako radhi kabla sijatoka nyumba hii."

"Nitakwenda, mzee," nikasema. Sikwenda. Aibu ilinifunga miguu. Walipoaga, yeye mwenyewe alisimama mbele ya chumba cha Mama akasema, "Bi Mwanasiti, tumekula, tumeshiba, Mungu akuzidishie." Na Mama akajibu kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amina. Karibuni tena." Rehema aliondoka na wazazi wake. Hakunitazama.

Saa za alasiri nilimkuta Shangazi Mwanakombo uani anasugua sufuria kwa majivu. Nikakaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na moto.

"Ondoka hapo," akasema. "Hicho ni cha ndugu yangu. Keti chini."

Nikakaa chini. Akaendelea kusugua, kisha akaniuliza, "Unaikumbuka ile homa iliyomlaza mama yako, mwaka ulipoanza kazi Shanzu?"

"Naikumbuka."

"Homa ile ilimwondokea na ladha na harufu. Vyote viwili. Ukimpa asali, ukimpa shubiri, kwake ni mamoja. Ukimwekea ubani na ukimwekea samaki aliyeoza, hajui tofauti. Madaktari walimwambia asubiri, akasubiri, hakikurudi kitu."

Nikakitazama kile kigoda.

"Alimwambia mumewe peke yake," akasema Shangazi. "Alisema watu wakijua, mimi basi, nimekwisha. Ndugu yangu akamwambia, ulimi wangu mimi si upo? Tumia huo. Miaka mitatu, Hamisi. Miaka mitatu hakuna sufuria iliyotoka nyumba hii bila ndugu yangu kuionja. Alikwenda mpaka kwenye harusi za watu, mwanamume na ndevu zake, akakaa nyuma ya nyumba na wanawake wapishi, akachekwa kuwa mlafi, ili mkewe asichekwe. Na nyinyi wanawe mkamcheka pia. Mimi aliniambia muda mchache kabla hajafa. Alisema, dada, nikitangulia, usimwache apike peke yake."

Akaacha kusugua. "Leo nimechelewa. Nilijisemea hapana haraka, mwanawe mpishi yuko naye." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye majivu. "Hakukuita uonje?"

"Aliniita."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Aliinama akaendelea na sufuria, na mimi nikakaa pale chini mpaka miguu ikafa ganzi.

Nilipoingia kwa Mama alikuwa amekaa kitandani na tasbihi. Nikapiga magoti, nikaishika miguu yake, nikasema yote mtu anayoweza kusema. Akaniwekea mkono kichwani. "Nilikusamehe pale pale, Hamisi. Wewe ni mwanangu, radhi yangu unayo."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nilikuambia," akasema. "Nilikuambia njoo uonje."

Mwanangu, nimesikia maneno mengi mazito maishani. Nimefukuzwa kazi, nimesomewa hukumu ya kesi ya shamba, nimeambiwa na daktari habari ya moyo wangu. Hakuna lililoniingia kama hilo, na lilisemwa kwa upole, bila lawama hata chembe.

Siku tatu baada ya Idi nilivuka tena, nikakuta sufuria zake tatu hazipo. Alikuwa amewapa wanawake wa mtaa, pamoja na ule mwiko mrefu. Alisema zinamjazia nafasi. Zuhura ndiye aliyepika kuanzia hapo. Watu wa harusi waliendelea kuja kwa miezi kadhaa, na Mama akawa anawaambia magoti yanamsumbua, hawezi kusimama. Aliona afadhali waseme hana magoti.

Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Mfungo Tatu ilipofika nilinunua mbuzi, nikaazima sufuria, nikamwambia, "Mama, tupike wewe na mimi. Mimi nitaonja kila hatua. Sitaondoka upande wako."

Akanishukuru. Akasema, "Baba yako alikuwa hanionjei chumvi tu. Alikuwa akiionja huku ananitazama usoni, ili nisione vibaya. Akisema bado, mimi nilikuwa nasikia kama ananisifu. Wewe utanionjea vizuri, Hamisi, ulimi wako wa kazi. Lakini mimi nitakuwa naogopa." Kisha akanipapasa bega. "Pika wewe. Mimi nitakaa hapa nikutazame."

Nikapika mimi. Alikula, akasema kitamu. Kila alichopewa miaka minne iliyofuata alisema kitamu, na sisi tulijua hasikii kitu, na yeye alijua tunajua. Mtu aliyekuwa akilisha mji mzima alikaa kwenye kiti uani akiletewa sahani kama mgeni nyumbani kwake.

Alipofariki, wanawake walikuja kupika chakula cha matanga. Mmoja wao, aliyekuwa amepewa ile sufuria kubwa, akaniuliza, "Hamisi, wewe ni mpishi na ni mwanawe. Mama yako masala yake alikuwa akiyaanza na nini? Sisi tumejaribu, hayaji." Nilikuwa najua vyakula vya Waitaliano na vya Wafaransa. Mapishi ya mama yangu nilikuwa siyajui, maana sikuwahi kusimama kando yake muda wa kutosha kuyaona. Zuhura naye alijua vipande vipande. Mpaka leo, mwanangu, biriani ile haipo duniani. Nimeitafuta katika sufuria zangu mwenyewe zaidi ya miaka thelathini, sijaifikia.

Rehema alinirudia wiki ile ile ya Idi, baada ya baba yake kumsihi. Mzee Bakari hakulitaja tena jambo lile mpaka anakufa. Kwa watu wa nje maisha yaliendelea.

Sasa sikiliza ninachotaka uondoke nacho. Siku hizi mnapika sikukuu huku simu zimesimamishwa, chakula kinapigwa picha kabla ya kusemewa bismillahi, na likiharibika jambo mzee wa watu anachekwa na mtaa mzima kabla hajanawa mikono. Mzee wako akikosea, katika chakula au katika neno au katika kusahau, usikimbilie kumsahihisha. Jiulize kwanza nini kimempata. Mtu aliyefanya kitu vizuri miaka arobaini hakiharibu siku moja bila sababu, na mara nyingi sababu hiyo anaificha kwa kukuonea haya wewe aliyekuzaa. Na akikuita kwa jambo dogo, njoo uonje, njoo unisomee hii, njoo unishikie hapa, acha ulichoshika uende. Huenda hilo dogo ndilo lililobakia katika yote anayoweza kuomba. Kama ni lazima kumwambia kosa lake, mwambie mkiwa wawili, na sauti yako iwe chini kuliko yake. Msamaha utaupata, wazazi hawana choyo nao. Lakini kuna kitu ndani ya mtu ukishakivunja, msamaha hauwezi kukirudisha. Mimi nilisamehewa siku ile ile, na mama yangu hakushika mwiko tena.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akuwekee wazee wako mpaka uwe na akili ya kukaa nao. Akupe masikio ya kusikia wanachokuomba wanapoona haya kukisema, na akulinde na neno lile ambalo mtu hulilipia maisha yake yote. Sikukuu zako zikukute na watu wako wote, mkiwa na furaha ambayo haitamuumiza mtu. Amina.